Jina la Baba Mkwe

Maswali ya mwanzo niliyajibu bila hata kufikiri. Mume wako analala upande gani wa kitanda? Wa ukutani, maana anaogopa kuanguka ingawa hawezi kukubali. Anapenda kula nini? Chochote, alimradi kiwe kingi. Anafanya kazi gani? Anaziba pancha za malori pale Ipogolo, na mikono yake haitakati hata ukiisugua kwa sabuni ya unga. Afisa wa uhamiaji, dada wa rika langu aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikapigika, akacheka. Nikajua mambo yamekwisha. Mume wangu alikuwa ameshahojiwa peke yake na kutolewa nje akasubiri kwenye benchi. Kilichobaki kilikuwa mimi kujibu yale yale aliyojibu yeye, ionekane kwamba kweli tunaishi kama mke na mume, niongezewe kibali cha kukaa nchini kwake.

Kisha afisa akauliza, bila kuinua macho, "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Nikajifanya natafuta kitu mkobani.

"Dada, nimeuliza jina la baba mkwe."

"Ni baba wa mume wangu," nikasema.

"Hilo najua. Jina lake?"

"Kwani mume wangu hajakutajia?"

"Amenitajia. Nataka unitajie wewe."

Niligeukia dirishani. Ofisi iko juu mjini Iringa, upepo ulikuwa unapiga, na mimi jasho lilikuwa linanitoka kwapani. Jina nilikuwa nalijua. Nalijua kuliko ninavyolijua la baba yangu mzazi, kwa sababu ni jina ambalo kila siku nachunga lisinitoke. Linafanana na jina la kitu kimoja cha jikoni, na tangu niolewe kitu hicho nakiita "kile cha kukorogea." Hata hapa mtanisamehe.

Mimi ni mzaliwa wa Karonga, upande wa Malawi. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mkoa wa Mbeya. Lugha ya bibi yangu na lugha ya mama yake zinakaribiana kiasi kwamba siku aliyonipeleka kwao, shangazi zake walibishana kama mimi ni wa kijiji cha jirani au cha pili yake. Watu wa kwetu huvuka mpaka kwenda sokoni na kurudi na samaki jioni. Kwa hiyo ugeni sikuujua ukweni. Ugeni niliukuta Iringa, tulipohamia kufuata malori, nilipoambiwa nipange foleni upande wa wageni.

Na huko kwetu, pande zote mbili za mpaka, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hapishani naye njiani, jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameacha. Wapo wakwe wanaotazama mpira pamoja kwenye kochi moja, na sina neno nao. Lakini mimi nililelewa na bibi, na bibi aliniambia jambo moja ambalo sijawahi kulitoa kichwani: mkwe akivunja heshima hiyo, tumbo lake hujifunga. Nami mtoto nilikuwa namtafuta. Mara moja mimba ilishika, ikatoka kabla hatujamwambia mtu. Hilo lilikuwa donda letu, mume wangu na mimi, na hatukuwa tunaligusa.

Sasa mweleze hayo dada mwenye sare.

Nilijaribu. Alinisikiliza kwa adabu, akatoa picha tulizoambatisha kama ushahidi wa ndoa, akazipanga mezani. "Hii ni ukweni?" Ndiyo. "Wewe uko wapi?" Nikamwonyesha. Katika picha ya kwanza nimejifunika kitenge kichwa kizima na kuelekea migombani. Katika ya pili nimeelekea ukutani. Katika ya tatu ni mgongo wangu tu, na kwa mbali kuna mzee mwenye kofia aliyeipa kamera mgongo vilevile, kwa sababu na yeye alikuwa ananiheshimu mimi.

"Dada yangu," akasema taratibu, na utaratibu wake ndio ulionitisha. "Hapa tunaletewa ndoa nyingi za kutafutia kibali. Huna picha na familia, hamna mtoto, na jina la baba mkwe hulijui. Mimi niandike nini?"

Akasema atakuja nyumbani kuhakiki. Siku hakuitaja. Kibali nilichokuwa nacho kilikuwa kinakaribia kuisha, na kikiisha bila kingine ningetakiwa kufunga virago nirudi Karonga, na mume wangu abaki na pancha zake.

Njia nzima ya kuteremka Ipogolo tuligombana.

"Si ungetaja tu! Nani angekusikia kule?"

"Haya, nikutajie sasa hivi?"

Akainua mkono upesi. "Hapana, hapana. Ngoja kwanza."

"Unaona sasa!" Nilicheka kwa hasira. Yeye ndiye mtu wa kisasa, mwenye simu mbili, na bado hakutaka kulisikia jina la baba yake mdomoni mwangu.

Siku zilizofuata sikukaa nikatulia. Nilifagia ua kabla ya jua, nikafagia tena baada ya chai. Viatu vya mume wangu niliviweka mlangoni, nikaona vimekaa kama vimepangwa makusudi, nikavitawanya, nikaona sasa nyumba ni chafu, nikavipanga tena. Kwenye barabara kuu kila gari dogo lililopunguza mwendo lilinipandisha roho. Nikipika nilikuwa nachungulia dirishani, nikichungulia chakula kinaungua. Mume wangu alikula ugali ulioungua bila neno, na kule kutosema neno kulinikera kuliko angelalamika.

Mama mwenye nyumba wetu, mama wa Kiislamu anayeuza mchele wa Usangu na ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa ananitazama kutoka barazani kwake ng'ambo ya ua. "Mwanangu, utaichubua hiyo sakafu," alisema. "Unasubiri posa?"

"Nasubiri serikali, mama."

"Aa. Basi fagia tu, mwanangu. Hiyo haibishi hodi."

Mume wangu alimpigia simu baba yake aje awe shahidi. Mzee hakuuliza mara mbili. Alipanda basi kutoka Mbeya na mkungu wa ndizi, akashukia Ipogolo, na kwa kuwa hawezi kulala nyumba niliyomo, mama mwenye nyumba akampa chumba cha uani kwake. Utaratibu wetu ulikuwa ule ule wa Rungwe. Mzee akitaka kupita anakohoa kwa mbali, kikohozi kimoja kizito kisicho cha ugonjwa, nami najiondoa. Chakula nampikia mimi, kinapelekwa na mume wangu. Vyombo vinarudi vimeoshwa, jambo ambalo mwanawe hajawahi kulifanya tangu nimfahamu.

Afisa alikuja saa mume wangu amekwenda kazini na mimi nimeacha kufagia. Nilimkaribisha sebuleni, nikamtilia chai, nikakata maandazi. Alitazama viatu mlangoni, akatazama picha ya harusi, akaniuliza mafuta ya kupikia tunanunua wapi. Nilianza kupumua. Akashika kikombe, akasema, "Dada, sasa tulimalize lile. Jina la baba mkwe."

Hapo hapo nje mtu akakohoa.

Miguu haikuniuliza. Kikombe changu kilimwagika mezani, nikapita jikoni, nikatoka mlango wa nyuma, na nilipokuja kupata akili nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya banda la kuku la mama mwenye nyumba, kitenge kichwani. Nikamsikia afisa akitoka mbio. "Ameenda wapi? Dada! Dada!" Halafu sauti yake ikabadilika, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuogofya."

Nilifumba macho. Nikajiona tayari nimekaa ndani ya basi la kwenda mpakani na begi mapajani. Afisa wa serikali anakuja kuhakiki ndoa, na mke anatoroka kupitia jikoni! Hata mimi nisingempa mtu wa namna hiyo kibali.

"Mzee, wewe ndiye baba mkwe?" afisa akauliza. "Unamfahamu huyu mwanamke aliyekimbia?"

"Huyo aliyekimbia ndiye mkwe wangu. Mtu wa kukodi angebaki hapo mezani akanishika mkono."

"Lakini unamfahamu? Sura yake, tabia yake?"

"Sura yake siijui. Sijapata kuiona."

Mzee akavuta kigoda, nikakisikia kikikwaruza saruji ya baraza, upande wa pili wa banda nililojificha nyuma yake. Nikashindwa kuondoka, maana ningeonekana. Nikabaki na kuku.

"Nyayo zake nazijua," mzee akasema. Alisema polepole, Kiswahili chake kikitoka Rungwe na mizigo yake yote. "Anatembea haraka fijo, haraka sana. Akifika kwenye lile jiwe la mlangoni kwangu, anapunguza, maana aliwahi kujikwaa pale. Akicheka anaanza na sauti kubwa, halafu anakumbuka mimi nipo, anaikata. Mimi huwa nasikitika akiikata. Mwaka ule niliougua alikuja kukaa kwetu mpaka nikainuka. Chakula kilipita mikononi mwa wajukuu, lakini mimi nilijua ni chake. Daktari alisema presha, chumvi ikapungua siku ile ile. Binti zangu wa kuwazaa mwenyewe waliendelea kunitilia chumvi." Akashusha sauti. "Na mtoto walimpoteza. Hakuna aliyeniambia. Niliacha kumsikia akicheka, nikajua."

Nililia kule nyuma ya banda. Nililia nimejiziba mdomo kwa kitenge, na jogoo mmoja alinitazama kama nimemvamia. Miaka yote hiyo nilidhani namkwepa mtu asiyenijua.

Mama mwenye nyumba, ambaye hakuna jambo lililowahi kupita ua huo bila yeye, alisema kutoka mlangoni kwake, "Andika hayo, mwanangu. Unasubiri nini?"

"Nimemwelewa mzee, mama," afisa akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na utaratibu ule wa kunitisha, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Lakini nina swali halijajibiwa na aliyetakiwa kulijibu. Siwezi kuandika kwamba alikimbia. Mkubwa wangu ataniuliza. Ni lazima alitaje yeye mwenyewe."

Nikasikia kigoda kikikwaruza tena. Mzee alikuwa amesimama. Alipoongea hakuongea na afisa. Alipaza sauti kuelekea bandani, kwa lugha ya bibi yangu, na tangu niolewe hakuwa amewahi kunisemesha hata neno moja.

"Mwanangu," alisema. "Najua uko hapo. Jina ni langu, si la mtu mwingine, na mimi mwenyewe nimekuruhusu. Litaje. Tumbo lako halitaguswa, nimesema mimi."

Nilihisi kama naambiwa nivue nguo barabarani. Nilimfikiria bibi, nikafikiria Karonga, nikamfikiria mume wangu akirudi na mikono yake myeusi kwenye nyumba isiyo na mtu, na hapo hasira ikanisaidia. Nikalitaja. Lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti iliyopasuka katikati.

Kuku walinyamaza, au mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Kisha, ng'ambo ya banda, mzee akaitika kama mtu yeyote anavyoitika akiitwa.

"Naam, mwanangu."

Afisa aliandika. Nilisikia akiaga, mama mwenye nyumba akimlazimisha achukue mchele, yeye akikataa kwa sababu ya kazi. Baadaye mzee akakohoa, kile kikohozi chetu, kuniambia sasa anapita kwenda barabarani. Nikainamisha kichwa, nikajifunika vizuri, nikangoja mpaka apite. Hakuna kilichobadilika kati yetu, na wala sikutaka kibadilike.

Kibali kilitoka. Mume wangu alikibusu, kikabaki na alama ya kidole cha grisi pembeni. Mimi nilikiangalia tarehe ya mwisho tu. Hivyo ndivyo ninavyokaa katika nchi hii, naangalia tarehe ya mwisho kwanza. Wapo wanaonishauri niombe uraia nimalize usumbufu, na nikifikiria kuirudisha pasipoti ya kwetu siku nzima sishiki kazi. Mtoto bado hatujapata. Zipo asubuhi najiuliza kama ni lile jina, halafu najikasirikia kwa kujiuliza, maana mzee mwenyewe alishasema.

Sasa kibali kinakaribia kuisha tena. Yule dada amehamishwa, kiti chake amekikalia kijana nisiyemjua, na nimeshaanza kufagia ua mara mbili. Mume wangu alitaka kumpigia baba yake simu. Nimemkataza. Miguu ya mzee imevimba, basi la kutoka Mbeya halimfai tena, na siku hizi hata kile kikohozi anachokohoa tukienda kumjulia hali si cha heshima tu. Nimesema nitakwenda mwenyewe ofisini, na wakiniuliza nitalitaja, nimeruhusiwa. Mbele ya meza ile nitalitaja lote, la kwake na la baba yake, na hakuna atakayeitika.