Siku Mke Wangu Alipovunja Uongozi Wake

Mke wangu Zabibu hajawahi kuwa mbunge, lakini hapa Mandewa ukimwita mama bila kuongeza "mwenyekiti", hageuki. Ameongoza umoja wa akina mama wa mtaa, ule wa kusaidiana kwenye harusi na misiba, kwa miaka tisa, ingawa katiba yao inasema mitatu. Masufuria ya umoja yanakaa chumbani kwetu. Mimi nauza mafuta ya alizeti sokoni kutwa nzima, narudi hoi, na nikijigeuza tu kitandani napiga teke mfuniko. Mtaa mzima unajua Abdulmajidi amejigeuza.

Kwa hiyo sitaficha: nilitamani ang'oke.

Mwaka wa uchaguzi mkuu ulipofika, tulikaa sebuleni kumtazama Rais akilihutubia Bunge kule Dodoma kwa mara ya mwisho. Alieleza yaliyofanyika kwa miaka mitano, akataja siku ambayo Bunge lingevunjwa. Wabunge wakapiga meza, wakaimba, wakakumbatiana. Zabibu alitazama mpaka uji ukaungua jikoni.

"Baba Hussein, mbona wanafurahi? Si wanafukuzwa?"

Nikamweleza nijuavyo. Hawafukuzwi. Muda waliopewa na wananchi umekwisha, na kiti si chao, kwa hiyo kinarudishwa kwa wenyewe. Anayekitaka tena anakwenda kukiomba akiwa amesimama kama wengine. Ukimwacha aombe kura huku amekikalia, wenzake watashindana naye vipi?

Nilidhani nimemchoma. Kumbe mwenzangu alichosikia ni makofi tu. Akilini mwake, kiongozi akijivunja kwa hotuba nzuri, watu watamrudisha kwa vigelegele.

Wiki iliyofuata aliwaita wanachama, akavaa gauni la Idi, akahutubia. Alitaja kila sufuria na ukubwa wake. Alitaja hata msiba wa mama yangu, akauweka kwenye mafanikio. Mwishoni akatangaza kwamba uongozi umevunjwa rasmi na uchaguzi ni baada ya mwezi mmoja. Akasubiri waimbe.

Magreth, muuza kuku wa pale stendi, akanyoosha mkono. "Tunashukuru sana, dada. Basi na mimi nagombea."

Tulirudi nyumbani. Alikuwa amejivunja mwenyewe na hapakuwa na wa kumlaumu, ingawa alinitazama mimi sana.

Kesho yake akaja Gerald, kijana wa mmoja wa wanachama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama amenituma masufuria. Jumapili mdogo wangu anapata kipaimara."

"Mimi si mwenyekiti tena. Uongozi umevunjwa kama Bunge."

Gerald akajikuna kichwa. "Lakini mama, hata Bunge likivunjwa, si serikali inabaki? Rais yupo, mawaziri wapo kazini mpaka wapatikane wengine. La sivyo nchi ataiangalia nani?"

Zabibu akalitafakari hilo, na nikaona uso wake unachangamka taratibu.

"Basi mimi ni serikali," akasema. "Chukua mawili. Na usinirudishie na masizi."

Serikali ilikuwepo, lakini kura hazikuwepo. Miaka yote hiyo watu walikuja kwake. Yeye hakwenda kwa mtu. Sasa ilimbidi apige hodi. Siku ya kwanza alipotea njia akienda kwa mwanachama wake mwenyewe, anayeishi nyuma ya msikiti tunaposwali. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Siku ya pili tulikwenda kwa Luciana, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Zabibu alikuwa akimtangaza mtoro katika kila mkutano tangu mvua za Februari. Njiani alinieleza mpango wake: angemsamehe utoro, na Luciana angempa kura.

Tulimkuta kitandani. Alianguka akichota maji, akaumia nyonga, na hajasimama tangu hapo.

"Karibu, mwenyekiti," akasema, akijaribu kuinuka. "Unisamehe, mikutano nimeikosa mingi."

Zabibu akaichukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni, akatoka nayo. Aliporudi na maji hakutaja kura, na mimi niliona aibu, maana soko langu na nyumba ile ni pua na mdomo.

Siku ya uchaguzi, Magreth alishinda, tena vizuri tu. Masufuria yakapakiwa kwenye mkokoteni, yakaondoka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa nilinyoosha miguu kitandani bila kelele, na sikufurahia hata dakika moja, kwa sababu mke wangu alikuwa analia.

Asubuhi nilimkuta amejitanda ushungi, yuko mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Luciana, kumtekea maji."

Nikamwambia kwa upole, "Mama Hussein, uchaguzi umekwisha. Umeshindwa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana leo naweza kwenda bila yeye kujiuliza ninataka nini."