Mlondo Chini ya Mkwaju wa Mpaka

Kila nikifungua kichupa cha vanila hapa jikoni kwangu Geita, ninapooka keki za harusi na za kipaimara, mkono husita kidogo. Wateja hudhani napima. Kumbe nimeshafika Tinde, nyuma ya nyumba ya babu na bibi walionilea, nimechuchumaa chini ya mkwaju, nakwangua mzizi kwa ukucha na kuunusa hadi pua ijae udongo. Nawaambia ninyi tu: vanila ya dukani ni nzuri, lakini haifiki kwa mlondo wa bibi.

Mlondo ni mmea wa msituni, wa kutambaa, usiopenda jua, na mzizi wake hunukia kama vanila. Bibi, mzaa mama yangu, alikuwa Mzinza wa upande wa Geita. Alipoolewa na babu, Msukuma mkulima wa pamba, alikuja nao ukiwa kipande cha mzizi kilichofungwa kwenye ganda la mgomba. Kwetu kule ni jua na vumbi. Hakuna aliyedhani utashika. Bibi aliupanda karibu na bafu letu la mabua, ili maji ya kuoga yaupitie, akaurundikia majani makavu, akauacha. Ukashika. Ukajizungusha kwenye shina la mkwaju polepole, bila pupa, majani yake mapana yenye umbo la moyo yakining'inia kivulini humo, mabichi hata kiangazi. Sijaona mmea mzuri kama ule tena.

Akitaka mzizi wa chai au wa tumbo, bibi alichimba upande mmoja tu, akakata kidogo, akafukia na kukanyaga kwa kisigino. Vijana wachimbaji wa dhahabu kutoka Mwakitolyo walikuwa wakija kuomba. "Shikamoo bibi, migongo inatusumbua." Naye aliitikia marahaba, kisha akawaambia dawa ya mgongo ni kulala mapema. Niliwahurumia mno kwa migongo yao. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kuwa wanaume huutafuta mlondo kwa mambo ya chumbani, nikacheka peke yangu barabarani.

Babu yeye alijua kitu kimoja, pamba. "Pamba na kivuli ni wake wenza," alikuwa akisema, "hawalali nyumba moja." Miti yote aliing'oa, isipokuwa mkwaju ule. Mtu akiutamani kwa mkaa, jibu lilikuwa lile lile: "Huo ni wa mpaka." Hivyo wote tuliuita mkwaju wa mpaka, wala sikujiuliza.

Nilipokuwa na miaka tisa, dada yake bibi alifariki huko Geita, bibi akaenda msibani. Asubuhi ya safari alinishika bega. "Ng'wanone, mwanangu, mlondo wangu nakuachia wewe. Uutunze." Hakusema vipi.

Sasa mtoto wa shamba la pamba akiambiwa atunze mmea, anajua njia moja tu. Nilipalilia. Nilifagia majani makavu yote hadi ardhi ikabaki tupu. Kisha nilichukua panga la babu, nikapanda mkwaju na kukata matawi ya chini, yote niliyoyafikia, ili mlondo upate jua. Nilijisifu moyoni, nikatamani bibi arudi kesho yake tu aone.

Siku ya tatu majani yalikuwa yamejikunja, kingo zimeungua kama chapati iliyosahauliwa. Nikaongeza maji. Yakaanza kudondoka. Nilijificha nyuma ya bafu nikalia, gauni nimelisokota mdomoni nisisikike, maana nilijua nimekiua kitu pekee cha kwao ambacho bibi alikuwa nacho.

Babu alinikuta hapo hapo. Aliyatazama matawi yaliyolala chini, akayatazama tena, na mimi nikasubiri fimbo. Haikuja. Ulikuwa msimu wa kuchuma, hakuna mtu mwenye nafasi hata ya kujikuna, lakini siku nzima aliiacha pamba yake ikining'inia shambani. Alichimbia nguzo nne, akaezeka mabua ya mtama juu ya mlondo. Mimi alinituma nirudishe majani niliyofagia, karai baada ya karai. Nilimshangaa sana mzee yule, adui wa kivuli, akitokwa jasho kwa kujenga kivuli.

Bibi aliporudi, mlondo ulikuwa kamba kavu. Nilipiga magoti kumwamkia. Alichuchumaa, akakwangua shina karibu kabisa na udongo. Chini ya ganda palikuwa na ukijani.

"Umeupenda kama pamba," alisema. "Wenyewe si pamba."

Kisha akakiona kile kibanda cha mabua, akauliza nani amejenga. Nilipomwambia, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Labda ni vyote viwili.

Mvua za kwanza zilipoanguka ulichipua, na mimi nikapumua.

Haya mengine mama alinisimulia juzi juzi tu, nikiwa tayari na watoto wangu, babu na bibi wote wametangulia. Bibi alipokuja kuolewa, palizi ya kwanza tu alianguka shambani adhuhuri, jua limempiga. Mawifi wakasema Mzinza huyu hajui kazi, arudishwe kwao. Babu hakubishana nao. Ila mwaka ule, akiwa anafyeka kupanua shamba, aliufikia mkwaju akauruka. Na tangu hapo, kila jua likifika utosini, alikuwa akimwambia mkewe kwa sauti, mbele ya mawifi wote: "Hebu nenda kaangalie mpaka." Naye bibi alikwenda kukaa chini ya mkwaju.

Mpaka wa shamba letu umepandwa minyaa, uko ng'ambo ya korongo. Nimechunga ndama huko utoto wangu wote, na hakuna mkwaju.