Kiti cha Mbele

Ukitaka kumkasirisha fundi Spoku, mwambie baiskeli imeshatengenezeka na inatosha. Hilo "inatosha" halikuwahi kuvuka kizingiti cha karakana yake. Ringi ikipinda unene wa ukucha tu, alikuwa anaifungua yote na kuanza upya, na mwenye baiskeli asubiri, atake asitake. Watu wa bondeni walimsema mpaka wakachoka. Ukimpelekea baiskeli Jumatatu, uifuate Alhamisi, na kuna waliojifunza kuziba pancha wenyewe kwa hasira tu. Lakini haki yake tumpe: baiskeli iliyotoka mikononi mwake ilikwenda kimya, hata kuku aliyelala barabarani hakushtuka mpaka gurudumu limguse mkia.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabara ya zamani. Enzi hizo malori yote yalipita pale yakipanda mlima, honi na moshi kutwa kucha. Halafu ikachongwa barabara kuu upande wa pili wa mlima, malori yakahamia huko, na bonde likabakiwa na lami yake tupu, kilomita kumi na mbili kando ya mto, kutoka karakana hadi daraja lililo juu mtoni. Asubuhi linapita gari la maziwa, jioni linarudi. Katikati ya hapo ukisikia injini, ujue kuna mtu kapotea njia.

Kwa ajili ya lami hiyo Spoku alimuunda Pacha. Ndiyo, baiskeli ya watu wawili: viti viwili, pedeli jozi mbili, mnyororo mrefu mpaka watoto walikuja kuuangalia. Mwaka huo binti yao alikuwa anaanza shule. Tangu hapo, kila Jumapili asubuhi, mvua isiponyesha, Spoku na mkewe walipanda hadi darajani na kurudi. Mume mbele, mke nyuma. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, maana Spoku alikuwa mrefu kama mlingoti, na bomba la kiti cha mbele alilichomelea juu kabisa kwa kipimo cha miguu yake. Mkewe angekaa pale, miguu ingening'inia hewani.

Mkewe alikuwa mshonaji, wa mashuka na sare za shule, mwanamke mfupi mwenye mdomo. Wakishapita kiwanda cha mbao, pale bonde linapofunguka, alikuwa anamfinya kiunoni.

"Baba watoto, hapo mbele kuna nini?"

"Barabara."

"Na mimi huku kuna shati. Nimelishona mwenyewe, najua kila uzi. Hebu nioneshe kitu kingine."

Spoku alicheka, na mkewe alicheka. Miaka ishirini na sita utani ulikuwa huo huo, na Spoku akaamini kwamba ni utani.

Mambo yalianzia kwenye sindano. Mkewe akawa anatunga uzi mara tatu, mara nne, akisingizia sindano za siku hizi. Kisha akashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Siku alipogonga fremu ya mlango aliopita maisha yake yote, binti yao, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anafanya kazi mjini, alikuja akawapeleka hospitali wote wawili.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mpole asiyejua kuzungusha maneno. "Ni presho ya macho, mama. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki tutakipigania kwa dawa, ila sitakudanganya, umechelewa kuja. Kama kuna kitu unatamani kukiona, usikiweke kiporo."

Walipotoka nje mkewe alisimama kwenye ngazi, akashika mkono wa mumewe.

"Nataka kukaa mbele," alisema. "Mara moja tu. Nilione bonde bila mgongo wako."

"Hilo tu? Nipe wiki mbili."

Wiki mbili! Jamani, mtu huyu alisikia maneno ya daktari kwa masikio yake mawili. Alijua. Kama angekuwa hajui, nisingekuwa na la kumsema.

Tatizo lilikuwa lile bomba. Kiti hakikuweza kushushwa bila kulikata, na kulikata ilimaanisha kumtia Pacha kovu, pale pale shingoni, ambapo kila mtu angeliona. Spoku alichukua msumeno wa chuma, akaupima juu ya bomba, akaurudisha kwenye msumari wake ukutani. Yeye? Aunge-unge baiskeli kama mafundi wa gulioni? Akaamua kuunda mpya, iliyopimwa kwa mkewe kuanzia chini. Akampima miguu kwa futikamba ya mkewe mwenyewe ya kushonea, akachora fremu kwa chaki ukutani, akaagiza mabomba mjini.

Mabomba yalipofika yalikuwa mazito, akayarudisha. Yalipokuja mengine, wiki mbili zilikuwa zimeshakuwa miezi miwili. Fremu ya kwanza ikatoka imepinda kidogo, mimi na wewe tusingeona kitu, lakini yeye akaikatakata. Akaanza ya pili.

"Baba watoto," mkewe alimwambia akiwa amesimama mlangoni, "si ukate tu hilo bomba la Pacha? Msumeno unao."

"Nikukalishe kwenye kitu cha viraka? Wewe, mke wangu?"

Alilisema kwa mapenzi, wala hakuwa anaigiza. Baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alilisema kwa mapenzi.

Mkewe hakubishana. Alirudi ndani, mkono ukipapasa ukuta. Siku hizo chai ilianza kumwagika pembeni ya kikombe, na cherehani ikafunikwa kitambaa. Spoku aliyaona. Kila alipoyaona alijiambia bado anaona, bado, mbona jana alinitambua nikiwa ng'ambo ya barabara. Kisha akainama kwenye kazi yake.

Binti alikuja mwezi wa tano wa kazi hiyo, akaikuta fremu imening'inizwa kwa kamba, baba yake anaisugua msasa.

"Baba, unamtengenezea mama baiskeli, au unajitengenezea sifa?"

Spoku alivimba. Mchana kutwa hakusema na mwanawe, na chakula alikula ameelekea dirishani. Neno lilikuwa limemchoma palipo penyewe, lakini badala ya kuweka msasa chini akazidi kusugua.

Mwezi wa nane baiskeli ikaisha. Ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Aliipaka rangi ya buluu, akairudia mara tatu, akaitoa nje ikasimama mlangoni juani, ikiwaka. Akaenda kumwita mkewe.

"Njoo uone."

Mkewe alikuja polepole, mkono ukutani, mpaka akafika mlangoni. Akasimama hatua moja kutoka kwenye baiskeli, jua limeimulika yote, uso ameuelekeza kwenye miti.

"Iko wapi?" aliuliza.

Spoku alimshika mkono akauweka kwenye usukani. Vidole vyake vikatembea: usukani, kengele, kiti, bomba. Mshonaji yule aliufuata kila mshono wa chuma, na hakukuta kasoro hata moja.

"Ni rangi gani?"

"Buluu. Huoni kabisa?"

"Naona mwanga. Na kivuli chako, ukisogea. Imekuwa hivi tangu wiki ya tatu ya mwezi uliopita. Nilijua unamalizia, sikutaka kukukatisha."

Basi Spoku akalia. Alikaa kwenye kizingiti cha karakana, mwanamume mzima, mafuta ya mnyororo mikononi, akalia mpaka mkewe akamtafuta kichwa kwa kupapasa na kukaa kando yake.

"Nisamehe, mama watoto. Nimekufanyia ubaya."

"Umenifanyia," alisema mkewe. Hakumwonea huruma ya uongo, na afadhali. Halafu akasema, "Mimi mpya sikuitaka. Nilitaka pale unapokaa wewe. Nipandishe kwenye Pacha."

Spoku aliinuka, akatoa msumeno msumarini, akalikata lile bomba. Kulikata, kulisawazisha kwa tupa na kufunga kiti upya, hata maji ya chai aliyobandika mkewe yalikuwa hayajachemka. Aliutazama msumeno mkononi kwa muda mrefu. Kisha akazihamisha waya za breki ziende nyuma, na adhuhuri wakatoka.

Alimsukuma Pacha hadi kwenye kipande kilichonyooka baada ya kiwanda cha mbao, ambako hakuna kona wala gari. Mkewe akapanda mbele, akashika usukani. Spoku akapanda nyuma, kwenye kiti kifupi, magoti yakimpanda karibu na masikio.

"Kushoto kidogo," alisema. "Hapo hapo. Nyoosha. Usiogope, breki ninazo mimi."

"Nani anaogopa? Kanyaga, mzee!"

Wakakanyaga. Upepo uliteremka kutoka mlimani, mkewe akainua kidevu, mabega yakalegea. Barabara ilikuwa yao peke yao, hakuna sauti ila mnyororo na mto.

"Haya, baba watoto. Hapo mbele kuna nini?"

Spoku akafumbua mdomo ajibu. Mbele yake kulikuwa na sweta ya kijivu, mshono wa bega hadi bega, na shingo ya mkewe. Basi.

"Sioni," alisema. "Mgongo wako umeziba."

Mkewe alicheka, baiskeli ikayumba kidogo. "Inama pembeni. Mimi nilikuwa nainama pembeni. Upande wa kulia, si sana, usije ukatuangusha."

Akainama. Bonde likamfungukia ubavuni, na akagundua kwamba hajui aanzie wapi. Miaka ishirini na sita alikaa pale mbele akitazama lami, akitafuta mashimo.

"Kuna mto," alisema.

"Wa rangi gani leo?"

"Buluu," alijibu upesi, kwa kuwa mito ni ya buluu.

"Mto huu haujawahi kuwa wa buluu, baba watoto. Una kijani mpaka pale kwenye mawe, halafu unakuwa kama chai ya maziwa. Hebu angalia vizuri."

Spoku akaangalia. Ulikuwa wa kijani.