Kwato Mara Tatu

Juzi niliona kwenye simu farasi kijana akicheza kwa madaha mashindanoni, mjini Fort Worth. Mtangazaji alipomtaja mzazi wake, nikakumbuka banda la farasi la Lewisville alikofanya kazi baba yangu.

Mzazi huyo, farasi bingwa wa banda lile, alizoea kumwita baba kwa kugonga kwato mara tatu. Alasiri moja ya utotoni nilimfuata baba bandani; farasi huyo alikuwa ameshakufa, na nyasi zake bado zilinukia. Baba akafungua mtungi wa chuma, moshi baridi ukatumwagikia miguuni.

"Yumo humu, mwanangu," alisema. "Bado atazaa."

Nilitoka mbio nikisoma Kulhuwallahu, nikidhani ule moshi ni pumzi zake. Leo najua mle mlikuwa na mbegu zake zilizogandishwa tu.

Lakini farasi yule wa juzi, kabla hajaanza kucheza, aligonga kwato mara tatu, akatega masikio. Baba tulishamzika. Hata hivyo niligeuka, nikautazama mlango.