Pumzi Niliyoifuta

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana mbele sitakupa nafasi. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Watu wanapenda kusema wafu hutembea usiku. Huyu wangu alikuja saa saba mchana, jua limesimama utosini, majirani wanapepeta maharage mbele ya mlango wangu.

Mimi ni mtoto wa mchungaji, Mprotestanti kutoka Kivu Kusini. Nilifundishwa kwamba aliyekufa amelala, basi. Nilikuwa namcheka jirani yangu, Mrundi Mkatoliki, akinyunyizia mlango wake maji ya baraka. Simcheki tena.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Nina chumba cha udongo, sola juu ya bati, na kompyuta ya zamani ambayo tundu lake la hedifoni liliharibika kitambo. Mwaka jana nikanunua mjini Mbarara skrini ya mitumba, ile pana ya vijana wanaocheza gemu, kwa sababu moja tu: nyuma ilikuwa na tundu la hedifoni. Nikasema sasa nimepona. Nikichomeka, wimbo nausikia, lakini chini yake kuna kitu: shhhh, kama mafuta yanayoanza kuchemka kwenye kikaango. Nikisimamisha wimbo, baada ya muda kidogo nacho kinanyamaza. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi, fundi mkubwa wa masikio, nilisema kelele imo ndani ya rekodi. Tunarekodi kwa simu chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki, upepo unapiga, kelele ingekosaje? Laiti ningechomeka hedifoni fasi ingine, hata kwenye simu ya mtu, mara moja tu.

Sasa nikwambie habari za Mapendo. Alikuwa mke wangu, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya yetu. Juma moja kabla ya homa kumchukua nilimrekodi akiimba peke yake, mtoto wetu Esta yuko mgongoni, bado wa kunyonya. Simu ile ilikufa, wimbo ukabaki kwenye kompyuta, mmoja tu, hauna mwenzake. Miaka saba sikuthubutu kuufungua. Halafu siku moja Esta akaniuliza, “Papa, mama alikuwa anaongea na sauti gani?”

Picha anayo, lakini picha haisemi. Nikamwahidi: “Ngoja nisafishe wimbo yake, utamusikia.”

Basi nikaufungua. Shhhh. Halafu, kabla ya neno la kwanza, Mapendo anavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyebeba mtoto, na Esta anakohoa kidogo mgongoni. Ndipo anaimba. Nililia, sikufichi.

Programu ya kusafisha sauti inafanya kazi hivi: unaichagulia kipande ambacho hakuna mtu anayeimba, unaiambia hii ndiyo kelele, nayo inafuta kila kinachofanana nayo, mwanzo mpaka mwisho. Na kipande cha namna hiyo kilikuwa kimoja, zile sekunde mbili za mwanzo. Umeshaona nilichofanya? Mimi sikuona. Nilichagua pale pale. Nikasikiliza, shhhh ipo vile vile. Nikarudia. Mara sita, kwa siku tatu, na kila mara nikihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa sababu kompyuta imejaa nyimbo za watu na ndiyo mazoea yangu. Sauti inakonda, kelele haipungui. Nikadhani masikio yamechoka.

Siku ya tatu, saa saba, mwanamke akaingia bila kubisha.

“Jambo, papa,” akasema. “Niko natafuta wimbo moja. Ile ya mwanamuke anaimba peke yake.”

Amini nikwambiavyo, wimbo ule sikuwahi kumpa mtu. Nilimtazama usoni, namjua, na bado simjui, kama jina unalolijua likakataa kutoka. Nikampa hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho, ametulia, na mimi nikaona kitu kinachoninyima usingizi mpaka leo: kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole.

“Huyu mwanamuke anaimba bila kupumua. Pumuzi yake uliitupa wapi?”

“Mama, nilikuwa natosha kelele tu, naifuta.”

“Aya. Nitaitafuta fasi ingine.”

Akatoka. Alipogeuka nikaona kitenge chake: kijani, maua ya manjano, sare ya kwaya yetu ya mwaka ule, na kwenye pindo alama nyeusi ya pasi. Alama ile niliiunguza mimi, kwa pasi ya makaa, na Mapendo alinitania juma zima kwamba nimempigia muhuri asiibiwe. Ndicho kitenge wamama wa kwaya walichomvika, tukamzika nacho. Nikakimbia nje. Waliokuwa wanapepeta maharage wakaniangalia, wakasema hakuna mtu aliyetoka.

Nikarudi kusikiliza. Shhhh, halafu neno la kwanza. Pumzi haipo. Kikohozi cha Esta hakipo.

Kesho yake nikatia wimbo kwenye flashi, nikaifunga skrini kwenye blanketi, nikaenda nayo Mbarara, mtaa wa Ruti, kwa fundi mmoja, mama wa Kinyankore. Nilikuwa na tumaini moja la kijinga: labda pumzi imefunikwa na kelele, kelele ikiondoka itaonekana. Aliunganisha skrini na laptopu yake, akacheza wimbo wake mwenyewe, safi kabisa. Shhhh, ile ile. Akahamisha hedifoni kwenye laptopu. Wimbo tu, hakuna kingine.

“Ssebo, bwana, kelele hapana ya wimbo,” akasema. “Ni ya skrini. Umeme ya taa yake naingia kwa hii tundu. Wimbo yako ilikuwa safi toka zamani.”

Akachomeka flashi yangu. Kwa mara ya kwanza nikasikia nilichokifanya: sauti nyembamba, kama mtu anaimba ndani ya jerikeni, miisho ya maneno imeliwa. Nilichoiambia programu kuwa ni kelele kilikuwa pumzi yake. Nikamuuliza kama inaweza kurudi. Akatikisa kichwa, akaniletea kiti.

Nilirudi Nakivale jioni. Esta alikuwa ananingoja, na ahadi ni deni. Nikamsikilizisha kwa simu ya jirani. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

“Papa, hii ni mashine,” akasema. “Mama iko wapi?”

Tangu siku ile kifua chake kinambana. Kwenye kliniki wanasema ni vumbi, wanampa dawa, anapata nafuu, inarudi. Mimi nakumbuka yule aliyesema ataitafuta fasi ingine. Je, mama anaweza kumfanyia hivyo mtoto wake mwenyewe? Sijui. Wazee wa kanisa wamefunga na kuomba. Nikiwa peke yangu namwambia: Mapendo, kosa ni langu, kuja uchukue pumzi ya kwangu. Haji. Skrini nimeigeuzia ukutani, haina hata waya, lakini nikiweka sikio kifuani kwa Esta amelala, nasikia shhhh.

Wewe unayenisikiliza, kama una sauti ya mtu wako aliyekufa, usiisafishe. Iache na upepo wake na vikohozi vyake. Ikikulazimu, chomeka hedifoni fasi ingine kwanza, na ile ya mwanzo usiiguse kabisa. Na ukimsikia anavuta pumzi kabla ya kuimba, ujue huyo ndiye yeye.

Sasa niache niende. Mtoto anakohoa.