Kiungo Kilicholainishwa

Sikuwahi kumwona baba akipapasa shavu la mtoto, langu au la mwingine. Ghala lake la Majengo, hilo alilipapasa kila asubuhi.

Alilijenga biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, na kila mwenye gunia akajiona tajiri. Wenzake walijenga kwa tofali. Yeye akataka nguzo na boriti za chuma, ili Songea nzima imwone. Fundi wa kuchomelea, kijana mmoja wa Mshangano, aliunga kila boriti kwenye nguzo yake kwa mkono mzito, akaacha uvimbe wa chuma pale vinapokutana. Mfanyabiashara mwenzake baba akapita, akatazama juu, akauliza kwa kucheka kama kuku wanalala kule na kuacha mavi yale. Siku hiyo baba hakula.

Kesho yake akamwamuru fundi apitishe grenda, uvimbe wote uondoke. Kijana alitoa shikamoo, kisha akasema taratibu, "Mzee, huo uvimbe ndio unaoshika. Tetemeko likija, hapo ndipo panapovutwa."

Matetemeko tuliyazoea. Yalitokea upande wa Ziwa Nyasa, vikombe vikagongana kabatini, nasi tukaendelea kula. Baba alimjibu kwamba hakumwita kuja kufikiri. Basi kijana akalainisha, rangi ya kijivu ikapakwa juu, na tangu hapo kila mgeni akapandishwa ngazi, hata padri aliyekuja kubariki.

"Pitisha mkono hapo," baba alisema. "Unaona palivyo laini?"

Walipitisha, wakasifu. Sijapata kuona tena watu wazima wakijipendekeza kwa chuma namna ile.

Mama alipima mahindi karibu na mlango, chini kabisa ya kiungo kimojawapo. Maneno ya fundi alikuwa ameyasikia, akaomba mizani ihamishwe. Baba akamwambia mbele ya wapagazi kwamba mwanamke anayeogopa paa akakae na mbuzi.

Tetemeko lenyewe lilikuja mchana, wala halikuwa kubwa. Nyumba za udongo za majirani zilibaki zimesimama, na nadhani hilo lilimuuma baba kuliko yote. Boriti moja tu ilichomoka kwenye nguzo, ile ya mlangoni, ikamwangukia mama mguuni. Hospitali ya Peramiho wakaukata chini ya goti.

Baba alimtia fundi mahabusu kwa kazi mbovu. Kisha akaja wodini na wazee wa jumuiya, akawasimulia jinsi kijana yule alivyomdanganya. Nilimchukia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafunua shuka, akamshika mkono na kuubandika juu ya bandeji.

"Pitisha mkono, Baba," alisema. "Unaona palivyo laini?"

Baba alijaribu kuuchomoa, mama hakumwachia. Wazee wale wote walikuwa wamepandishwa ile ngazi. Hakuna aliyeuliza mama anasema nini.