Joho la Rosa

Jambo hili lilitokea mchana. Nataka hilo lifahamike tangu mwanzo, kwa sababu kila ninapolisimulia hakosekani mtu wa kuuliza kama nilikuwa nimesinzia. Sikusinzia. Jua la Krismasi lilikuwa juu ya vichwa vyetu, nilikuwa nimesimama wima, nimekunywa chai na kula mkate, na hema zima la watu lilikuwa likinitazama. Mimi sikusoma. Anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemwonya asiongeze neno wala asipunguze.

Niliingia kwaya ya kanisa letu hapa Shirere nikiwa mke mpya bomani. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule alinipanga safu ya pili, miongoni mwa wanaoimba alto, na kushoto kwangu akamsimamisha Rosa. Rosa alikuwa ameolewa upande wa Isecheno, lakini Jumapili alikuja kwetu, mvua inyeshe au isinyeshe. Yeye alisoma mpaka darasa la saba. Mimi nilishika kitabu cha nyimbo kama wengine, nikageuza ukurasa alipougeuza yeye, ilhali maandishi yale kwangu yalikuwa nyayo za kuku tu. Basi Rosa alinigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza mstari katika sikio la kushoto kabla haujafika, nami nikauimba. Tulifanya hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Mume wangu mwenyewe alikufa akidhani ninajua kusoma.

Wala msidhani nilikuwa mnyonge katika kwaya ile. Mimi ndiye niliyetunza majoho, na ufunguo wa sanduku ulikaa shingoni mwangu. Aliyechelewa mazoezi hakupewa joho. Aliimba na nguo za nyumbani, watu wakamwona.

Mwaka ule tulialikwa na kanisa moja la Uganda tukaimbe huko wiki nzima ya Krismasi. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuvuka mpaka kwa kazi ya kuimba. Tukafanya mazoezi kila jioni. Rosa alikuwa anaugua tumbo, akawa haji, na siku chache kabla ya safari akafariki. Familia ikapanga kumzika Jumamosi. Basi letu lilikuwa liondoke Ijumaa.

Mwalimu Shivachi, anayetuongoza sasa, aliniuliza mbele ya wote, "Mama, tusogeze safari? Mwanakwaya hazikwi bila kwaya."

Nikamjibu, "Wenyeji wanatungoja. Rosa mwenyewe angetaka twende."

Je, nilijuaje alichotaka Rosa? Sikujua. Nilitaka kuiona Uganda.

Nafasi yake tulimpa Lidia, binti aliyeolewa juzi, mwenye sauti nzuri na maneno mengi. Joho la kumvalisha halikuwapo sandukuni, kwa kuwa la Rosa peke yake nilimwachia akae nalo kwake, na fundi alikuwa ameshafunga duka akaenda kwao. Nikapanda boda boda hadi nyumbani kwa Rosa. Mwili ulikuwa bado mochari. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba nguo za marehemu haziguswi mpaka azikwe, watu wanyolewe nywele, ndipo wazee wakae na kuzigawa. Nami nilijua.

Beatrisi, mke wa kifungua mimba wa Rosa, alinizuia mlangoni. "Mama, hata kaburi halijachimbwa. Unataka nguo?"

"Joho ni la kanisa. Si la Rosa."

"Alilivaa miaka yote hiyo. Ni la nani basi?"

"Beatrisi, usinifundishe. Nilikuwa katika kwaya hiyo kabla hujazaliwa."

Nikampita, nikalitoa joho katika msumari nyuma ya mlango, nikalikunja, nikaondoka. Rafiki yangu wa miaka thelathini, na sikusimama hata kumwombea.

Tulivuka mpaka pale Busia salama. Wenyeji walitupokea vizuri, wakatulaza katika madarasa ya shule yao. Lakini niaminini, hatukuimba. Tulipiga kelele. Watu wa besi walikuwa wamenuniana tangu Kakamega kwa sababu ya viti vya basi. Sauti ya kwanza walimlaumu mwalimu. Kila mmoja alisimama na kinyongo chake. Mimi, kwa kukosa mtu wa kuninong'oneza, nilifungua mdomo na kuufunga bila kutoa sauti. Siku ya pili watu walianza kutoka nje kabla hatujamaliza.

Na joho lile halikukauka. Lidia alilianika juani tangu asubuhi, jioni akalikuta na unyevu kana kwamba limetoka kwenye beseni. "Mama, hili joho lina baridi," akaniambia. "Ukilivaa, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa."

"Lisingekuwa na baridi ungesema lina joto," nikamjibu. "Vaa."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, wenyeji waliomba kwaya mbili zisimame juani mbele ya hema la watu, ziimbe wimbo mmoja pamoja, zikiwa zimechanganyika, mgeni mmoja na mwenyeji mmoja. Sisi tungeimba kwa Kiswahili na wao kwa Kiganda. Kati yangu na Lidia akaja kusimama mwanamke mnene wa makamo, mwenye gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya kijani kibichi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akacheka, akatikisa kichwa. Hakujua neno.

Mwalimu akainua mkono. Mimi nikajitayarisha kufungua na kufunga mdomo kama kawaida yangu.

Nikaguswa kwa kiwiko.

Kisha mstari wa kwanza ukaja katika sikio langu la kushoto, kwa Kiswahili, kabla haujafika. Nikauimba. Ukaja wa pili, nikauimba. Je, ningefanya nini? Katika kwaya yetu macho hayaondoki kwa mwalimu, na mimi mwenyewe nimewaadhibu watu kwa kosa hilo. Nikaimba macho mbele, huku pumzi ya yule mwanamke ikinipiga sikioni, baridi kama hewa ya msitu alfajiri. Sauti haikuwa ya Mganda. Ilikuwa sauti ya Rosa, yenye kikohozi chake kidogo kati ya ubeti na ubeti. Niliimba beti zote nne. Waliokuwapo wanasema sikuwahi kuimba vile.

Wimbo ukaisha, watu wakapiga vigelegele. Kiwiko kikanigusa tena, ingawa hapakuwa na mstari uliobaki. Ndipo aliponiambia, kwa Kiisukha safi cha mama zetu, "Nirudishie nguo yangu, dada. Nasikia baridi."

Nikageuka. Uso haukuwa wa Rosa. Ulikuwa wa yule mwanamke wa gomesi, macho yamefumbwa, meno yanagongana, naye akitetemeka katika jua lile. Nilimshika mkono, ulikuwa kama umetoka ndani ya barafu. Akafumbua macho, akaniangalia kama mtu asiyenijua, na kwa kweli hakunijua. Mchungaji wao alimhoji kwa Kiganda, kisha akatutafsiria: alikumbuka mwanzo wa wimbo na alikumbuka baridi. Hakukumbuka lingine.

Ningeweza kusema masikio yangu yamezeeka. Lakini nilipomtazama Lidia upande wa pili, alikuwa ameshalivua joho, amelishika mbali na mwili wake.

"Mama," akasema, "na mimi nimesikia. Nguo ya nani hii?"

Wengine wote walijua ilikuwa ya nani. Ambalo hawakujua ni jinsi nilivyoipata.

Tulirudi darasani, nikamwambia mwalimu afunge mlango. Mimi si mtu wa kuomba radhi, wanangu watawaambia. Siku ile nilisimama mbele ya kwaya nzima nikasema, "Mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua. Rosa ndiye aliyekuwa macho yangu, nami nimemnyang'anya nguo kabla hajazikwa, nikawazuia msimwimbie." Nikavua ufunguo shingoni, nikauweka juu ya dawati.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa besi akasimama, akamwomba mwenzake msamaha kwa ajili ya kile kiti cha basi. Kisha mwingine akasimama, na mwingine. Tulilia, tukaomba mpaka jua likatua, na tulipoimba tena, bila vitabu wala mwalimu kuinua mkono, sauti zote nne zilikaa mahali pake. Wenyeji walikuja kusimama madirishani. Wengine huita siku ile uamsho. Mimi naiita siku niliyoaibika.

Nikaomba simu, nikampigia Beatrisi. Nilitaka kujua amezikwa upande gani wa boma, tutakaporudi twende tukamwimbie.

"Hajazikwa, mama," akasema.

"Jumamosi ilipita."

"Wazee walikataa. Walisema hawezi kuingia kaburini nguo zake zikiwa zinatembea, na kwaya yake haipo. Bado yuko mochari."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mngesikia?"

Mochari, ndani ya friji, siku zote zile. Nasikia baridi, alisema.

Mwalimu alinikumbusha kwamba wenyeji walikuwa wametupangia siku mbili zaidi na ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Nikamwambia ng'ombe ataliwa na waliomchinja. Kulipopambazuka tulikuwa njiani.

Beatrisi alitupokea mochari. Nilipiga magoti pale mlangoni, mbele ya wahudumu na boda boda, nikampa joho kwa mikono miwili. Alilipokea, akalipapasa.

"Limekauka," akasema. Alikuwa hajaambiwa habari ya unyevu. Kisha akaniinua. "Ingia, mama. Vifungo ni vingi, tutasaidiana."

Tulimzika katika joho lake, nyuma ya nyumba ambapo msitu unaanzia, tukamwimbia tangu jeneza lilipotoka mpaka udongo ukamalizika. Lidia alisimama kushoto kwangu, na nguo zake za nyumbani, akanisomea kila mstari kwa sauti ambayo wote waliisikia.

Tangu siku ile sikio langu la kushoto ni la baridi. Lishike, utaona. Madaktari wawili wa hapa mjini wamelimulika wasipate kitu. Nami sijaenda kwa wa tatu, kwa maana najua nilikoipata baridi hii.

Wewe unayesomewa haya, sikiliza. Usiguse nguo ya marehemu kabla wenyewe hawajanyoa na kugawa, hata kama unasema ni ya kanisa, hata kama ufunguo uko shingoni mwako. Na kama kuna mtu aliyekuwa macho yako, usikose kaburini kwake kwa sababu ya safari. Kwaya yetu bado inaimba Shirere kila Jumapili. Njooni. Mtaniona safu ya pili, na kitambaa kimefunika sikio. Atakayetaka kusimama kushoto kwangu anakaribishwa, ila avae nguo yake mwenyewe.